Idara ya Mabega ya Kudumu

(Hotuba iliyotolewa pwani ya Bagamoyo, mwaka 1303 wa Hijria, mbele ya wachukuzi, yaani wale wanaume wanaobeba watu na mizigo mabegani kati ya mashua na nchi kavu. Maji yalikuwa yamekupwa, na mashua iliyomleta msemaji kutoka Unguja ilikuwa imelala mchangani.)

Waheshimiwa wazee wa mitaa yote ya Bagamoyo, pamoja na wale wanaodai kuwa wazee. Mashekhe na walimu wa vyuo vya Kurani. Wajumbe wa majumbe, watawala wa Kaole, mliokuja kwa kuwa majumbe wenyewe wana shughuli. Matajiri wa pembe, wa sandarusi na wa nazi, mliopo, na ninyi mliowatuma watu wenu wawashikie nafasi za kivulini. Manahodha wa vyombo vikubwa na vya wastani. Akina mama mliofuatana na waume zenu, na akina mama mliofika kuhakikisha kwamba waume zenu wamefika. Na hatimaye ninyi, ambao ndio sababu ya mimi kuvuka bahari, wachukuzi wa pwani hii, wenye mabega: asalamu aleikumu. (Watu: Aleikumu salamu.) Hamkuitika wote. Narudia kwa ajili ya takwimu. Asalamu aleikumu. (Watu, kwa sauti ya kuchoka: Aleikumu salamu.)

Mimi, kwa wale wasionijua, na nimearifiwa kwa masikitiko kwamba wapo, naitwa Msabaha bin Bwanausi, Naibu wa Kwanza wa Msimamizi Mkuu wa Mabega, Migongo na Vichwa vya pwani yote ya Mrima, cheo ambacho hakikuwapo kabla yangu na ambacho, nikisema kweli bila kujisifu, sioni kitakuwaje baada yangu. Sikuja kuzungumza sana. Nimekuja kuzungumza kwa ukamilifu, na hayo ni mambo mawili tofauti, kwa hiyo aliyesimama akae, na aliyekaa akae vizuri zaidi.

Kwa muda wa siku tatu, nikiwa nimeketi barazani kwa tajiri mmoja mkarimu, bila kugusa maji hata kwa kidole, nimeitazama kazi ya pwani hii, na niliyoyaona yamenitia huzuni ambayo mpaka sasa ninailipia dawa. Nimeona mtu anakuja pwani anapotaka. Anazitazama mashua tatu, anachagua moja, na ukimuuliza kwa nini ile, anasema nahodha wa hii ana mdomo mchafu. Anabeba mizigo minne, analipwa pale pale mkononi, kisha anajilaza chini ya ngalawa iliyopinduliwa na kufunika uso kwa kofia, jua likiwa bado liko juu na tajiri akiwa bado ana mizigo. (Wachukuzi wanacheka na kusukumana viwiko.) Msicheke, mnaharibu kumbukumbu. Nimeyahesabu mabega ya Bagamoyo, nimepata mabega mia mbili na kumi na moja. Hesabu hii haigawanyiki kwa mbili kwa sababu Mzee Sadallah, mkubwa wenu kwa umri, bega lake la kushoto tumeliandika kuwa limestaafu. (Mzee Sadallah analisugua bega lake na kusema limesikia.) Katika mabega hayo, ndugu zangu, mabega mia mbili na kumi na moja hayana mwajiri. Ni sehemu kumi katika kumi. Hakuna bandari yoyote duniani iliyowahi kufikia kiwango kibaya kiasi hiki, na kwa hilo tu nawapongeza.

Dawa yake ipo, na jina lake ni sistimu. Neno hili nimelichukua kwa Mzungu mmoja aliyelala Unguja siku tisa akiungua homa, na ambaye kila alipozinduka alisema sistimu, akaomba maji. Nimelitafakari sana. Sistimu maana yake ni kwamba kila jambo lina mahali pake, kila mahali pana mtu wake, na kila mtu ana karatasi yake. Kwa hiyo leo, kwa mamlaka niliyopewa na walionipa, naizindua rasmi Idara ya Mabega ya Kudumu. (Ngoma inapigwa mara moja. Mpigaji anaangaliwa vibaya, anapiga mara ya pili.)

Chini ya Idara hii, mchukuzi hatakuwa tena mtu wa kuokota kazi mojamoja. Ataajiriwa. Atakuwa Bega Daraja la Tatu, akipanda atakuwa Bega Daraja la Pili, na wale wenye nidhamu, baada ya miaka kumi na minne, watakuwa Bega Mwandamizi, ambaye habebi kitu, anaelekeza tu wanaobeba. (Minong'ono ya kuridhika.) Kutajengwa jumba la mawe la kungojea, lenye madirisha sita yanayotazama baharini na sita yanayotazama upande mwingine, ili msichoke. Bega likiuma litapumzishwa kwa barua. Na kila mwezi mwandamo utakapoonekana, mashua ziwe zimekuja au hazikuja, bahari iwe imetulia au imechafuka, kila bega litapokea mshahara wake, ule ule, bila kubishana na nahodha yeyote. (Makofi marefu. Akina mama wanapiga vigelegele.) Naona akina mama wameielewa sistimu haraka. Hilo pia liandikwe.

Kazi itaanza saa moja asubuhi na itakwisha saa sita, kila siku, bila kukosa. Asiyekuwapo saa moja atakatwa. Atakayebeba kitu baada ya saa sita atakatwa zaidi, kwa kuwa atakuwa amevuruga ratiba. (Mzee Sadallah ananyoosha mkono wa kulia.) Mzee Sadallah, shikamoo, uliza, lakini uliza kwa kifupi, maana urefu umekwisha kutengwa kwa ajili yangu. (Mzee Sadallah anasema maji hayaji saa ile ile, kila siku yanachelewa kuliko jana, na zipo siku mashua zinaingia alasiri. Anauliza wao saa hiyo watakuwa wapi.) Mtakuwa majumbani kwenu, mmepumzika kwa heshima. (Anauliza na mashua je.) Mashua zitaleta malalamiko kwa maandishi. Mzee wangu, suala la maji tunalijua. Limeundiwa kamati. Kamati ina watu saba, na imeshafikia hatua ya kukubaliana kwamba maji yapo. Zaidi ya hapo tusiwaharakishe.

(Adhana ya adhuhuri. Hotuba inakatika, watu wanakwenda kuswali.)

Kama nilivyokuwa nikisema kabla ya adhana, na naona baadhi yenu mmerudi kwa njia ndefu, sasa tunaingia katika sehemu ya kutia mkono. Ninazo hapa karatasi mia moja na sita, moja kwa kila mtu. Zimeandikwa kwa herufi ambazo hakuna mwalimu wa chuo hata mmoja hapa Bagamoyo anayeweza kuzisoma, na hiyo ni ishara ya ubora wake. Kila mmoja apite, achore alama yake chini, asimame kulia. Kuanzia ngoma itakapolia tena, bega lisilo na karatasi haliruhusiwi kuingia majini hapa, wala Mlingotini, wala popote ambapo maji ni ya chumvi. (Wachukuzi wanapita. Wengine wanachora samaki, wengine mstari, mmoja anachora ngamia na kuambiwa apunguze miguu. Mwisho wanabaki upande wa kulia watu mia moja na watano. Upande wa kushoto amebaki mmoja.)

Wewe wa kushoto, jina lako nani? (Anasema ni Mrisho bin Alawi, wa Kaole.) Mrisho bin Alawi, kushoto hakuna Idara. Njoo kulia. (Mrisho anasema anafikiri.) Anafikiri. Ndugu wananchi, mnaona madhara ya kutokuwa na mwajiri. Unafikiri nini, bwana, wakati wenzako mia moja na watano wamekwisha kufikiri kwa niaba yako? (Mrisho anaeleza kwamba baba yake alikuwa mtumwa wa shamba la minazi, akiamshwa na mwingine na kulazwa na mwingine. Siku alipoachwa huru alikuja pwani hii, akazitazama mashua mbili, akachagua mzigo wa mashua ya pili. Anasema: "Mzigo ule ulikuwa mzito kuliko wa kwanza, bwana. Baba aliuchagua tu, aone kuchagua kukoje. Mpaka anakufa alikuwa akiusimulia.") Ni kisa kizuri. Hakina takwimu, lakini ni kizuri.

Nani huyo anayesukuma watu? Mwanamke, hapa ni mahali pa shughuli rasmi. (Anasema yeye ni Mwanvita, mke wa Mrisho.) Aa, karibu mama, pita mbele, mpisheni. (Mwanvita anamwambia mumewe kwamba marehemu mkwewe alikuwa mtu mwema na Mungu amrehemu, lakini juzi Mrisho alichagua kutokwenda kazini, na yeye Mwanvita akachagua kupika mchicha mtupu, na jana vivyo hivyo. Anaweka mkono tumboni, ambako kila mtu anaona kuna mtoto. Anasema: "Sitaki utajiri, Mrisho. Nataka nilale nikijua kesho kuna unga. Siku moja tu nilale hivyo.") Mama Mwanvita, ningekuwa na madaraka zaidi ningekupa Idara yako mwenyewe. Umesema kwa maneno machache jambo ambalo mimi nimelitengea kurasa kumi na moja. Mpeni kalamu. (Mwanvita anaichukua kalamu na kumshikisha mumewe. Mrisho anaitazama kalamu. Anamtazama mkewe. Anainama juu ya karatasi.)

(Nahodha anapiga ukelele kutoka mashuani kwamba maji yamejaa, chombo kimeelea, na asiyepanda sasa atalala Bagamoyo.)

Nahodha, nakusikia. Ndugu zangu, dharura ya kiserikali imeingilia kati, na mimi leo jioni nina kikao Unguja ambacho bila mimi hakitajulikana kama kilifanyika. Namaliza kwa kaulimbiu, tafadhali mniitikie. Bega la kudumu. (Watu: Mshahara wa kudumu.) Sistimu, sistimu. (Watu: Kila mtu na karatasi.) Kuokota kazi mojamoja. (Watu: Mwisho leo.) Nimefurahi. Ngoma ipigwe. (Ngoma.) Haya, Bega Daraja la Tatu yeyote aje anibebe hadi mashuani. (Hakuna anayesogea.) Nasema aje mmoja, maji ni ya kifuani na joho hili si la kulowana. (Mzee Sadallah, kwa adabu sana, anasema saa sita imepita.) Imepita kweli, lakini mimi ndiye Naibu. (Mzee Sadallah anasema ndiyo sababu wanaogopa kukatwa. Wachukuzi mia moja na watano wanakaa chini pamoja na kufunika nyuso kwa kofia.) Naona ratiba imeanza kueleweka. Nalipokea hilo kwa furaha iliyochanganyika na mambo mengine. Mrisho bin Alawi, wewe hujachora alama?

(Mrisho anasema hajachora.)

Basi kwa idhini maalumu, ya mara moja, isiyoigwa, naliruhusu bega lako lisilo na karatasi kuingia majini. (Mrisho anamwambia mkewe: "Acha huyu awe mzigo wangu wa mwisho wa hiari yangu. Tukifika mashuani nitatia mkono pale pale, Mwanvita, nakuapia." Mwanvita anasema sawa. Mrisho anachuchumaa, Naibu anapanda shingoni pamoja na mkoba wa karatasi, na safari inaanza.)

(Maji ya magotini.) Wananchi wa Bagamoyo, naendelea kutoka hapa juu, ambapo kwa kweli sauti inakwenda mbali zaidi. Mnaona jinsi kazi inavyopendeza ikiwa na usimamizi. Polepole, bwana, hapo pana shimo.

(Maji ya kiunoni.) Mimi mwenyewe nimeajiriwa tangu ujana wangu, na ninyi nitazameni, nimekosa nini? Nina cheo, nina joho, nina kikao.

(Maji ya kifuani. Mrisho anasimama.) Mbona umesimama? Aa, desturi yenu naijua, nimeisikia barazani: mkifika kwenye kina mnasimama, bei inapanda. Sawa, taja bei, tusonge. (Mrisho anasema hataki kitu. Anataka ajibiwe jambo moja tu, kwa kuwa akifika pale mashuani atakuwa ametoa kitu alichoachiwa na baba yake. Anauliza: "Huo mshahara, bwana, upo? Sema kweli. Ukiwapo nitachora kwa mikono miwili.")

Bwana Mrisho, swali lako lina sura tatu. (Mrisho anachuchumaa kidogo. Maji yanafika kwenye upindo wa joho.) Lina sura moja. Usichuchumae, bwana, mimi sijui kuogelea, nakuomba kwa heshima ya mtoto wenu atakayezaliwa. Haupo. (Mrisho anasema hakusikia vizuri.) Nasema haupo. Mshahara haupo, jumba halipo, madirisha hayapo, wala huyo Msimamizi Mkuu wa Mabega hayupo. Hata mimi nilijiuliza kama ninaweza kuwa naibu wa mtu asiyekuwapo, nikaona kazi itakuwa rahisi zaidi. Karatasi zinasema kitu kimoja tu: kwamba aliyechora alama hatabeba mzigo wa mashua yoyote isipokuwa za tajiri mwenye mashua ile pale, na kwa malipo ambayo tajiri atayaona yanafaa. Mshahara sikuuandika, kwa sababu hakuniambia niuandike.

(Mrisho anauliza na yeye ni nani basi.) Mimi ni mwandishi wa barua za watu. Nakaa Unguja, Malindi, juu ya sanduku. Wajane huja niwaandikie watoto wao, basi. Kabla ya hapo niliajiriwa, hilo si uongo, miaka kumi na moja katika duka la tajiri yule yule, kila mwandamo naambiwa mshahara utalipwa mwandamo ujao, na kila mwandamo naamini, maana mke wangu naye alikuwa akitaka kulala akijua kesho kuna unga. Alikufa hajalala hivyo hata siku moja. Nikatoka. Sasa naokota kazi mojamoja, bwana Mrisho, kama wewe. Hotuba hii ni kibarua cha siku moja, na nimeahidiwa kulipwa nikifika ng'ambo, na nikiisema hivi kwa sauti naona kwamba pengine hata hicho hakipo. Basi umeyajua yote. Mashua ile pale, hatua kumi. Nifikishe, na karatasi yako nitaitupa baharini, hakuna atakayejua.

(Mrisho anageuka kuelekea nchi kavu.)

Bwana, mashua iko upande ule. (Maji ya kiunoni.) Bwana Mrisho, nahodha hatangoja, unamwona anatweka tanga. Nimekwambia yako nitaitupa. (Mrisho anasema wenzake ni mia moja na watano.) Ni kweli, idadi hiyo nimeihesabu mwenyewe. Lakini wataniua. (Mrisho anasema hawatamuua, saa za kazi zimekwisha.)

(Maji ya magotini. Wachukuzi wanafunua nyuso. Mwanvita yuko mbele ya wote, maji yanamgusa miguu, anamtazama mumewe na kuuliza kwa macho. Mrisho anatikisa kichwa kuashiria hapana. Mwanvita anafumba macho kidogo, kisha anayafumbua. Anasema: "Basi tutakula mchicha." Anamshika Naibu mkono ateremke asianguke.)

Ahsante, mama. Waheshimiwa wenye mabega, na wengine wote niliowataja asubuhi, ambao sitawarudia kwa kuwa pumzi imenipungua. Kila hotuba humalizika kwa shukrani, nami yangu nataka niitoe nikiwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe. Nawashukuru kwa kunipigia makofi kwa ajili ya jumba ambalo halitajengwa. Nawashukuru akina mama kwa vigelegele mlivyoupigia mshahara ambao hakuna mtu aliyewahi kuutia mfukoni. Mzee Sadallah, nakushukuru kwa swali lako la maji. Kamati ile ya watu saba ilikuwa ni mimi. Na nakushukuru wewe, Mrisho bin Alawi, uliyenibeba kwenda na kurudi na hukutaja bei. (Anafungua mkoba.) Karatasi zenu ni hizi hapa. Kila mtu achukue yenye alama yake aichane, na asiyeikumbuka alama yake achane yoyote, zote zimeandikwa kitu kimoja.